Nilikuta mwandiko wangu kwenye karatasi ya karanga

BARUA

Mama, shikamoo.

Nina miaka 29, natunza kumbukumbu katika shirika dogo la hisani hapa Dar es Salaam. Tuko wafanyakazi tisa na vijana wachache wa kujitolea. Tunawahudumia akina mama wanaoishi na VVU pamoja na watoto wao, wengi wao wa Tandale na Manzese. Tunawatembelea nyumbani, tunafuatilia dawa, tunagawa unga wa lishe. Miaka yote ofisi yetu ilikuwa Magomeni. Mwaka huu mwenye nyumba kapandisha kodi, mfadhili kapunguza fungu, mkurugenzi akahangaika mpaka akapata nyumba Kimara, juu kidogo ya kituo cha mwisho cha mwendokasi, kwa bei tunayoiweza.

Alipotangaza kikaoni kwamba tunahama, aliuliza nani atasimamia. Watu wakanyamaza. Nikanyoosha mkono, kwa sababu mimi ndiye ninayejua faili zilipo na niliona ni wiki mbili tu. Tangu siku hiyo kila kitu kimekuwa changu. Maboksi nimeyatafuta mimi Kariakoo. Dereva wa kenta nimepatana naye mimi. Wenzangu wananitumia ujumbe: "Meza yangu usiisahau." "Droo ya chini ina vikombe, ufunge vizuri."

Jumamosi ya kwanza, kati ya tisa tulifika wanne. Mkurugenzi alikuja saa nne, akapiga picha za kumtumia mfadhili, akaaga. Mzee wetu wa uhasibu alikuja na kiti, akakaa mbele ya kabati lake, akasema halitaguswa. Mpaka leo liko palepale Magomeni. Kijana wetu wa kompyuta alibanwa kidole na meza ya mbao kwenye ngazi, ukucha ukang'oka, akaenda kushonwa kwa pesa yake. Vijana wa kupakia tuliwaokota barabarani.

Asubuhi nilihesabu maboksi 47 yakitoka. Jioni, Kimara, nikahesabu 46. Nikajiambia nimehesabu vibaya kwa uchovu.

Jumatatu jioni nilinunua karanga za shilingi 200 kituoni Manzese, nikazila ndani ya basi. Zilipokwisha nikakunjua karatasi ili niikunje vizuri, nikaona mwandiko wangu. Ni fomu ya ziara ya nyumbani. Jina la mama, mtaa wake wa Tandale, namba yake ya CTC (kliniki ya tiba na matunzo ya VVU), na chini kabisa mstari nilioandika mimi mwenyewe: "Amekosa dozi siku tatu. Mume hajui."

Nilishuka kituo kilichofuata nikarudi. Nikanunua karanga zote alizobaki nazo yule muuzaji, vifungu 30, kwa shilingi 6,000. Nyumbani nikavikunjua kimoja kimoja juu ya kitanda. Pamoja na ile ya kwanza, zetu zilikuwa 11. Muuzaji aliniambia karatasi hununua kwa kilo kwenye duka moja hapohapo Manzese.

Sasa najua ilivyokuwa. Mkurugenzi alituagiza tutoe magazeti na ripoti za zamani getini, vijana wa kupakia wakauze kama karatasi chakavu. Kuna boksi moja sikuliandika kitu, maana niliitwa wakati kidole cha yule kijana kinatoka damu. Nililiacha karibu na geti. Hakuna aliyeiba.

Leo ni siku ya nane karatasi hizo ziko ndani ya mkoba wangu, na sijamwambia mtu. Jumamosi ijayo tunamalizia: makabati manne ya chuma yenye faili zilizobaki, kompyuta, na stoo ya unga. Mkurugenzi ameandika kwenye grupu, "Tujitolee kama familia." Mama, niseme au nikae kimya? Naweza kukataa kwenda? Na nikienda, nifanyeje wenzangu wasaidie bila mimi kuwachukia?

Mtunza faili, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye maneno yaleyale mawili: mume hajui. Kwa hiyo nitaanza na hizo karatasi. Wenzako na Jumamosi yao watasubiri.

Kesho asubuhi, kabla hujaweka mkoba mezani, mfuate mkurugenzi ofisini kwake. Usimwandikie ujumbe, na kwenye grupu usiliguse kabisa jambo hili. Funga mlango, zitoe karatasi zote 11, umwambie hivi au kwa maneno yako: "Siku ya kuhama boksi moja la fomu za ziara lilipotea. Mimi ndiye niliyeliacha getini bila alama. Hizi nimezikuta Manzese zimefungiwa karanga. Zilizobaki sijui ziko wapi." Kisha nyamaza, umwache aelewe. Usianze na wenzako ambao hawakufika, wala picha za mfadhili, wala kidole. Hayo yote ni ya kweli na yana zamu yake, lakini ukiyatanguliza, atasikia mtu anayejitetea na hatasikia kwamba kuna wanawake walio hatarini.

Najua unaogopa kibarua kuota nyasi. Siwezi kukuahidi kwamba hatakasirika. Lakini kila jioni unayokaa kimya, kuna mtu anakaa kwenye kigoda anakunja vifungu vya karanga vya kesho kwa karatasi zilizobaki. Na vinauzwa wapi? Manzese na Tandale, mlangoni kwa haohao mlioahidi kuwatunzia siri. Sisi sote tunasoma karatasi ya karanga. Tumefanya hivyo tangu utoto: karanga zikiisha unageuza karatasi, unasoma mtihani wa mtoto wa watu, alama zake na jina lake. Jirani anayemfahamu yule mama atasoma vivyo hivyo, bila nia mbaya, na kufika magharibi mtaa mzima utakuwa unajua.

Mkurugenzi akisema "tulimalize kimyakimya", mwambie kwa heshima kwamba si jambo la kumalizwa kimyakimya. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya hali ya mtu anayeishi na VVU. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na anayezikusanya anawajibika kuzilinda zisipotee wala zisifike kwa wasiohusika. Shirika la hisani halikuachwa nje ya sheria hizo kwa sababu lina nia njema. Kulipeleka suala hili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni kazi ya mkurugenzi, si yako. Yako ni kumpa ukweli wote mapema ili asiwe na kisingizio cha kutokujua.

Siku hiyohiyo watu wawili waende kwenye lile duka la Manzese wakiwa na pesa taslimu. Mwenye duka hana kosa, na muuza karanga hana kosa. Mkimwendea na vitisho atawaambia zimekwisha. Mwendeeni kwa bei: mnataka karatasi zote alizonazo, kwa kilo, anauzaje? Mkizipata mzichambue wenyewe mahali pa faragha. Wakati huohuo wewe kaa na daftari la ziara, uandike orodha ya kila mama ambaye fomu yake ilikuwa kwenye boksi lile. Wewe ndiye unayeweza, maana mpangilio wa faili ni wako. Zile 11 usizichane wala kuzichoma, hata kama kuziangalia kunakuumiza. Zitieni kwenye bahasha, muifunge, msaini watu wawili juu ya gundi, na mkurugenzi aifungie.

Wenye fomu lazima waambiwe. Nitarudi kwao mwishoni.

Sasa Jumamosi. Unaweza kukataa? Ndiyo. Kujitolea kunaanzia moyoni mwa anayejitolea, na mwajiri hawezi kumwamrisha mtu ajitolee. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Zinazozidi hapo ni za ziada, zinahitaji makubaliano, na malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Ukiitwa siku yako ya mapumziko ya wiki, malipo ni mara mbili. Waajiri wengi wa hisani wanalisahau hili kwa sababu kazi yenyewe ni ya huruma, na wafanyakazi wanaona aibu kudai. Lakini mshahara wenu uko kwenye bajeti kama kodi ya nyumba ilivyo kwenye bajeti, na kuhama pia kulipaswa kuwemo. Hata mfadhili anaelewa gharama ya kuhama akiandikiwa vizuri. Asichokielewa ni kuona picha za watu wanabeba meza kwa tabasamu, kisha baadaye asikie faili zimeuzwa kwa kilo.

Andika saa ulizofanya Jumamosi ile ya kwanza, tarehe, kuingia na kutoka, umpe mkurugenzi kwa maandishi. Hana pesa? Mkubaliane siku za mapumziko za kufidia, nazo ziandikwe.

Na huyo kijana wa kidole, tafadhali mwambie leo. Ameumia akiwa kazini. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, chini ya sheria ya 2008, na waajiri binafsi wanachangia, mashirika kama lenu yakiwemo. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa ya ajali, na dai linapaswa kupelekwa ndani ya miezi 12. Atunze risiti ya hospitali na cheti chake. Mnayemwita familia hashonwi kidole kwa pesa yake mwenyewe.

Hayo nimeyasema ili ujue unasimama wapi. Ila ukiniuliza mimi, ningekuomba uende, kwa sharti moja: hutabeba kitu. Nimefanya kazi ya utawala katika mashirika ya namna hii zaidi ya miaka 20, nimehama nayo mara tatu, na ninaweza kukwambia kwamba mtu anayejua faili akianza kubeba meza, faili zinabaki yatima. Ndivyo lilivyokuponyoka lile boksi. Uliitwa kwenye kidole, ukaenda, na hapakuwa na mtu wa kushika nafasi yako pale getini. Hilo si kosa la tabia yako, ni kosa la mpango usiokuwepo.

Kwa hiyo mwambie mkurugenzi utasimamia kumbukumbu tu, na mambo mengine ayagawe yeye kwa majina, kikaoni, siyo kwenye grupu. Nani yuko na dereva, nani yuko stoo, nani yuko Kimara kupokea. Kazi isiyo na jina la mtu humwangukia yuleyule aliyenyoosha mkono mara ya kwanza, na mwanangu, wenzako si watu wabaya. Walikuona umenyoosha mkono wakapumua. Walidhani umeipenda kazi. Kama hujawahi kuwaambia kwamba umeelemewa, waambie sasa, kwa sauti ya kawaida, kabla hujafika mahali pa kuwachukia.

Kila mtu afunge meza yake mwenyewe ifikapo Alhamisi jioni. Na vikombe vyake. Nawaombea radhi wanaodhani hilo ni ukali. Ukimfungia mtu droo yake unachukua dhamana ya kila kitakachokosekana ndani yake, na atakuja kukuuliza kalamu yake mwezi wa tatu.

Mzee wa uhasibu mimi simwoni mkaidi. Kabatini kwake kuna hundi, vitabu vya stakabadhi, na nyaraka za kodi ambazo sheria inataka zitunzwe miaka mitano. Aliona vijana wa barabarani wanapakia bila orodha, akaweka kiti. Ukitazama yaliyotokea, yeye peke yake siku ile alilinda vitu vyake. Nenda kwake na shikamoo yako, umwambie: "Mzee, ulikuwa sahihi. Naomba unisaidie na mafaili yangu yahame kama unavyotaka ya kwako yahame." Afunge mwenyewe, atie lakiri mwenyewe, apande mbele kwa dereva na funguo mfukoni. Nina hakika utapata msaidizi bora kuliko wote.

Sasa nikuoneshe namna ya kuhamisha hayo makabati manne, maana hapa ndipo panapoharibika. Kabati la chuma halibebwi na faili ndani. Linalemea upande mmoja, droo zinafunguka ngazini, na mtu anaumia. Toa faili kwa mpangilio wake, droo baada ya droo, zifunge kwa kamba kila 20 hivi, zisimamishe ndani ya boksi, usizilaze. Boksi la karatasi lisizidi uzito ambao wewe mwenyewe unaweza kuuinua. Kila boksi liandikwe kwa maka pande mbili na juu: herufi ya kabati na namba, A1, A2, A3. Usiandike yaliyomo. Neno "VVU" au "CTC" lisionekane juu ya boksi linalopita mtaani. Yaliyomo yaandikwe kwenye madaftari mawili yanayofanana, moja mlango wa Magomeni, jingine mlango wa Kimara. Boksi halitoki bila kuwekewa alama kwenye la kwanza, na dereva haondoki Kimara mpaka la pili liwe sawa. Wewe kaa Magomeni, mtu unayemwamini akae Kimara, mpigiane simu kwa kila safari.

Karatasi chakavu zisiwepo siku hiyo. Hata moja. Zitengwe wiki nyingine, na chochote chenye jina la mtu kichomwe mbele ya mashahidi wawili.

Mengine nitayapitia haraka. Faili zisipande kenta iliyo wazi. Mkodishe kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, chenye turubai, hata kama ni safari tatu, na kama mvua imenyesha kile kilima cha Kimara kitakipenda kirikuu kuliko gari kubwa. Nyaya za kompyuta zipigwe picha kabla hazijachomolewa. Nakala ya data iwe kwenye diski ya nje, na diski isafiri mkobani mwa mtu, mbali na kompyuta zenyewe. Unga ukae juu ya mbao, usigusane na sakafu wala ukuta. Kule Kimara, namba ya mita ya umeme ya LUKU iandikwe na ijaribiwe kabla hamjafika na friji. Serikali ya Mtaa, benki, Mamlaka ya Mapato (TRA) na Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali wapelekewe anwani mpya. Hiyo ni barua ya mkurugenzi.

Kuna jambo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko kabati zote. Je, akina mama wanajua mnahama?

Nilipohama na shirika langu la pili, tulijali sana samani. Wiki ya tatu nikapita ofisi ya zamani kuchukua barua, nikamkuta bibi mmoja amekaa kwenye ukingo wa mtaro mbele ya geti lililofungwa, mjukuu mgongoni. Alikuwa amekuja Jumanne tatu mfululizo, kwa miguu. Alidhani tumekufa kama miradi mingine inavyokufa. Hakuniuliza tumehamia wapi. Aliniuliza, "Tumewakosea nini?" Mpaka leo nikisikia shirika linahama namkumbuka mtoto yule alivyokuwa amelala na shavu likiwa na vumbi.

Kutoka Tandale kwenda Magomeni mtu anatembea. Kwenda Kimara anahitaji nauli, kwenda na kurudi, na wakati mwingine na mtoto. Hilo lijadiliwe kabla ya Jumamosi: mtawafuata nyumbani mara ngapi zaidi, mtapanga siku moja ya wiki mahali fulani karibu nao, au mtawapa nauli? Kila mama aambiwe kwa mdomo na anayemtembelea. Mlinzi wa Magomeni alipwe mwezi mmoja zaidi ili aelekeze watu, apewe namba ya simu ya ofisi na maelezo ya njia. Bango getini liseme tu "Ofisi imehamia Kimara" na namba ya simu, jina la huduma lisiwepo.

Sasa nirudi kwa wale 11, na wengine watakaopatikana kwenye orodha yako. Wasipigiwe simu, maana simu ya nyumbani hushikwa na yeyote. Wasiandikiwe. Aende mtu mmojammoja, siku ya kawaida ya ziara, avae kama anavyovaa siku zote, abebe unga kama kawaida. Aseme kilichotokea bila kukizungusha, aombe radhi kwa niaba ya shirika, kisha amuulize mama mwenyewe anataka asaidiwe nini. Wengine watataka ushauri wa namna ya kumwambia mume kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Mwandae mshauri nasaha kwa ajili ya hao. Wengine watalia, wengine watakufukuza. Wana haki.

Kwa yule wa Tandale aliyekosa dozi siku tatu, nenda wewe. Usimtume mtu. Fomu ni mwandiko wako, na siku ile alipokuambia kwamba mume hajui, alikuwa anakuambia wewe.